Mfupa na Subira

Kwa miaka mingi nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwahimiza wanachuo wawe na subira. Sikujua kuwa uzeeni ningekuja kusahihishwa juu ya somo hilo na kijana wa bodaboda.

Nilikuwa nimeteleza, nikavunjika mfupa wa muundi, nikalazwa. Kitanda cha jirani alilala kijana aliyevunjika paja, mguu wake umevutwa kwa uzito. Alipolalamika kuwa siku haziendi, nilimwambia subira yavuta heri. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, wewe subira yako inalipwa na pensheni. Mimi pikipiki ni ya mkataba, na kila wiki tajiri anataka hesabu yake." Nilinyamaza. Wahenga hao hao walisema pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilichagua methali iliyonifaa mimi.

Mfupa una utaratibu wake. Kwanza damu huganda palipovunjika, kisha hujengeka gegedu laini, halafu mfupa mpya, ambao huendelea kujirekebisha kwa miezi mingi. Siku hizi wataalamu hujaribu kuuharakisha mwendo huo kwa chembe za kalisi na fosfeti, ndogo kiasi cha kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Wanauiga mfupa wenyewe, kwani madini yake ni fuwele ndogo za kiasi hicho hicho. Chembe hizo huwapa seli mahali pa kushika na kujenga, na nyingine hubebeshwa dawa. Baadhi ya vijazo vya namna hii vimekwisha kutumika katika upasuaji. Vingi bado vimo katika majaribio.

Je, ni vema kuuharakisha mfupa? Zamani ningejibu kuwa maumbile yasisukumwe. Leo nasema kuwa kumpunguzia mgonjwa siku za kitandani ni kumrudishia mkate wake.

Hata hivyo, kuna haraka nyingine. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha protini ya kuotesha mfupa itumike katika upasuaji wa uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni. Baadhi ya madaktari wakaitumia hata shingoni, mahali isikoidhinishwa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikatoa onyo, maana wagonjwa wengine walivimba shingo hata pumzi ikawa taabu. Protini iliotesha mfupa kama ilivyoahidi. Kilichowadhuru ni haraka ya waliokuwa na afya zao.

Basi subira ni wajibu, lakini wajibu wa nani? Naona ni wa anayepima dawa, anayeiuza na anayeiandika, si wa aliyelala mguu ukining'inia. Na siku chembe hizo zitakapofika kwetu, tuulize bei yake kwanza. Zikiwa za kununuliwa na wenye akiba tu, zitakuwa zimemwahi mzee kama mimi, ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote.