Mungu wa Nyumba Moja

Wiki hii tulimzika jirani yetu huko Njoro, bibi aliyevaa kitambaa cha Woman's Guild tangu nikiwa mdogo. Mchungaji alikuwa amemaliza kusoma, wimbo umeimbwa, vijana wameshika sepetu tayari, mjukuu wake mmoja alipoomba nafasi. Nilidhani anataka kushukuru. Akasema dini ya mzungu imetosha. Yeye na wenzake wamerudia imani ya Wakikuyu. Wana amri zao zilizopigwa chapa, wana siku yao ya ibada, na zaka hutumwa kwa M-Pesa. Kisha akawaomba wasio wa nyumba ya Mumbi, yaani wasio Wakikuyu, wasogee kando, ili amwombee cucu, nyanya yake, akielekea Mlima Kirinyaga.

Aliyesimama karibu zaidi na kaburi alikuwa mama mmoja Mkalenjin. Januari 2008, baada ya uchaguzi, nyumba zilipokuwa zikichomwa hapa kwetu, mama huyo aliwaficha marehemu na wajukuu wake ghalani, nyuma ya magunia ya mahindi. Kijana huyu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mama alisogea. Hakusema neno. Nasi wengine, mchungaji akiwa miongoni mwetu, tulimtazama akisogea.

Kijana si wa kwanza kushika njia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ngonya wa Gakonya alianzisha Hema ya Mungu Aliye Hai, akiwaita Wakikuyu waache makanisa waombe wakiukabili mlima. Serikali ya Moi ikaipiga marufuku. Katika mkondo huohuo likatokea kundi la Mungiki, nalo lilipata udongo wenye rutuba: vita vya kikabila vya 1992 vilikuwa vimewafukuza watu mashambani Molo na Olenguruone, na vijana wao, wasio na shamba wala karo, walihitaji mahali pa kuitwa ndugu. Uchungu huo naujua, na sitamcheka aliyeubeba. Lakini tazameni dini hiyo ilikofika. Ikatoza matatu ada. Ikatetea kukeketwa kwa wasichana. Wanawake wakavuliwa nguo hadharani kwa kosa la kuvaa suruali. Halafu mwaka 2000 Ndura Waruinge na viongozi wenzake wa Mungiki wakasilimu, na baadaye yeye akawa mhubiri wa Kikristo. Maina Njenga, kiongozi wao mwingine, alipotoka gerezani mwaka 2009, alibatizwa na Askofu Margaret Wanjiru. Viongozi walihama, na vijana wengi waliowaamini walikuwa tayari makaburini.

Utaniuliza: kwani Ukristo si wa mkoloni? Wamisionari walitukosea, tena vibaya. Katika mzozo wa tohara ya wasichana wa 1929 walitaka waumini watie kidole kwenye karatasi ya kukana mila yao, na watoto wa waliokataa wakafungiwa milango ya shule. Hayo siyafichi. Lakini wazee wetu walijibu vipi? Walijenga shule zao wenyewe, za Karinga na za Independent, wakamwita askofu wa Kiorthodoksi, Daniel Alexander, kutoka Afrika Kusini, aje kuwafundishia makasisi. Wengine waliisoma Biblia kwa macho yao wakawa Akurinu, hawa wenye vilemba vyeupe tunaopishana nao hapa Nakuru kila siku. Watu hao walikuwa na hasira kuliko kijana wa Njoro, na sababu kubwa kuliko yake. Walimkataa bwana mzungu, wakabaki na Mungu. Tena Mfalme Ezana wa Aksum alikuwa Mkristo zaidi ya miaka 1,500 kabla ya mmisionari Mskoti wa kwanza kufika Thogoto. Anayesema imani hii ni mali ya mzungu amempa mzungu zawadi asiyostahili.

Na huko kijana anakodai kurudi, sidhani anakufahamu. Waliokuwa wakiomba chini ya mti wa mugumo, ambao sala yao naiheshimu, hawakuandikisha wafuasi wala kutafuta waumini. Wamaasai waliokimbia njaa walipokelewa wakaingizwa katika mbari za Wakikuyu, wakaoa na kuolewa. Wameru na Waembu nao huuelekea mlima huohuo wanapoomba. Amri zilizopigwa chapa, siku ya ibada, zaka: vyote hivyo kijana amevichukua kanisani, mle alimolelewa na cucu. Alichoongeza ni mpaka wa damu.

Wachungaji nao wasinishangilie. Februari 2008 Baraza la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa waliegemea upande katika uchaguzi na kushindwa kusimama pamoja nchi ilipowaka. Lilikuwa ungamo la haki. Je, tulibadilika? Yapo makanisa mjini humu ambayo ukiingia tu, salamu ya kwanza inakuambia kabila la mchungaji na mgombea atakayeombewa. Kijana hakujifunza mlimani kumgawa Mungu kwa ukoo; alijifunza kwetu, akiwa amekaa kwenye benchi la Sunday School, akisikiliza tulivyowasema majirani baada ya ibada.

Kwa hiyo simdai arudi kanisani. Akitaka kuomba chini ya mugumo, Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa ruhusa, nami nitamtetea mbele ya chifu yeyote atakayemsumbua. Lakini dini inayoanza kwa kuwachuja majirani kwa damu nitaipinga, iwe ya mugumo au ya msalaba, na nitaipinga kwa nguvu zaidi hapa Bonde la Ufa, ambako mwaka 1992, mwaka 1998 na tena mwaka 2008 tuliona kazi hiyo ya kuchuja inavyoendelezwa maombi yakishakwisha.