Mita Hamsini za Mwisho

Dereva wa trekta kule Moiben akifika mwisho wa shamba, pale penye ua, hategemei usukani peke yake. Hukanyaga breki ya gurudumu la nyuma la upande mmoja, la upande wa pili akaliacha lisukume, na trekta likageuka palepale bila kugusa waya. Nahodha wa boti yenye injini mbili hufanya vivyo hivyo. Injini ya kulia huitia mbele, ya kushoto akairudisha nyuma, na omo la chombo, yaani pua yake ya mbele, likazunguka kuelekea kushoto huku chombo chenyewe kikiwa hakijasogea sana. Nimeanza na trekta kwa kuwa naandikia watu wa Eldoret, ambao hila hiyo wanaijua tangu utotoni. Nimeanza nalo pia kwa sababu tofauti ya vyombo hivi viwili imeua watu wengi katika maziwa na bahari yetu. Trekta ukilikanyagia breki husimama. Chombo cha majini hakina breki.

Mjini kwetu tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji tunayoyaona kila siku ni ya Mto Sosiani. Ndiyo maana habari za gati, nahodha na nanga tunawaachia watu wa Pwani na wa ziwani, kana kwamba hazituhusu. Zinatuhusu. Shule zetu hupeleka wanafunzi Kisumu, mwendo wa asubuhi moja kupitia Kapsabet. Familia huteremka hadi Kampi ya Samaki kupanda boti na kutazama mamba na viboko wa Ziwa Baringo. Desemba ikiingia, watu wa Uasin Gishu wamo kwenye foleni ya feri pale Likoni, watoto wamejaa kiti cha nyuma. Tunapanda vyombo ambavyo hatujui jinsi vinavyoendeshwa, na abiria asiyejua ndiye huwa wa kwanza kuinuka kitini.

Kisa ninachotaka tukizingatie kilitokea Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, siku ya Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe. Watu wa kisiwa cha Ukara walikuwa wamevuka kununua na kuuza, na mchana wakapanda kivuko MV Nyerere kurudi nyumbani kupitia gati la Bwisya. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101 na mizigo ya tani 25. Siku hiyo watu walikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na magunia yao na shehena nyingine. Injini zake mbili zilikuwa zimetoka kufanyiwa matengenezo makubwa miezi michache tu nyuma. Kwa maneno mengine, mitambo haikuwa imechoka.

Safari yote ilikwenda salama. Ukara ikaonekana, gati likaonekana, nyuso za waliokuja kuwapokea ndugu zao zikaanza kutambulika. Hapo, kama mita 50 hivi kutoka nchi kavu, abiria wakaanza kusogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Kivuko kikalala ubavu, kikapinduka, tumbo likatazama juu. Wavuvi waliokuwa karibu waliokoa waliowaweza. Giza lilipoingia, shughuli ya uokoaji ikasimamishwa hadi asubuhi ya Ijumaa. Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, wapigambizi walimtoa hai fundi wa injini aliyekuwa amejifungia mahali palipobaki hewa ndani ya chombo kile kilichopinduka. Kwa hesabu ya serikali, watu 228 walikufa na 41 wakaokolewa. Rais John Magufuli alilihutubia taifa na kutangaza siku nne za maombolezo. Akasema pia kuwa nahodha hakuwemo chomboni: usukani alikuwa ameachiwa mtu asiye na mafunzo yanayostahili.

Tuliangalie jambo hili kwa makini, maana si la bahati mbaya. Watu 200 wenye uzito wa wastani wa kilo 60 ni tani 12. Hizo ni tani 12 zenye miguu. Gunia la mahindi ukilifunga katikati ya chombo hubaki katikati, lakini binadamu huhama kwa sekunde chache, na huhama wote pamoja kwa sababu wote wanatazama gati moja. Chombo kilichopewa kibali cha tani 25 za mizigo, kikibeba watu kupita kiasi na wengi wao wakiwa wamesimama, uzito wake umekwisha kupanda juu. Kikiinama kidogo, waliosimama huteleza kuelekea kule kinakoinamia, na kuteleza kwao kunakiinamisha zaidi. Ikifika hapo hakuna usukani wala injini ya kukirudisha.

Lakini kwa nini iwe karibu na gati, na si katikati ya ziwa penye mawimbi? Hapa ndipo funzo lenyewe lilipo, na naomba msomaji asilipite haraka. Usukani wa chombo hufanya kazi kwa sababu maji yanapita kwa kasi kwenye bamba lake lililo chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Nahodha akipunguza mwendo ili aingie gatini, maji hayo nayo hupungua kasi, na usukani huishiwa nguvu. Anaweza kuuzungusha mpaka mwisho na chombo kisigeuke. Wakati huohuo upepo, ambao katikati ya ziwa haukumsumbua, sasa unakisukuma chombo kando kwa sababu hakina mwendo wa kushindana nao. Na ni wakati huohuo abiria wanaposimama, wanapokamata mizigo yao, wanapowaita watoto na kusongamana mlangoni. Pale nahodha anapokuwa na uwezo mdogo kuliko wakati wowote wa safari, ndipo shehena yake inapoanza kutembea. Asiye na mafunzo akiona hivyo hushikwa na hofu, akakanyaga moto au kukata kona ya ghafla. Chombo kizito cha aina ya kivuko kikikata kona kwa nguvu huinamia nje ya kona. Kama watu wamekwisha kujazana upande huo, kona imemaliza kazi.

Injini mbili zilibuniwa zisaidie katika dakika hizohizo. Tazama nahodha anayeijua kazi yake akiingiza boti katika gati la Kisumu saa tisa alasiri, wakati upepo wa ziwani umeanza kuvuma kuelekea mjini. Angali mbali, hupunguza mwendo na kuisoma bendera au moshi wa nchi kavu ajue upepo unatoka wapi. Akiweza, huingia akiuelekea upepo, yaani omo likitazama joshini, ili upepo uwe ndio breki yake. Usukani huuweka katikati na kuuacha. Kuanzia hapo mikono yake ipo kwenye vishikio viwili vya injini. Huigusa ya kulia mbele kwa sekunde mbili, akairudisha katikati, akangoja aone chombo kinajibu nini. Kisha huigusa ya kushoto nyuma, akangoja tena. Hapeleki kishikio kutoka mbele hadi nyuma kwa mkupuo mmoja, kwa sababu anajua gia inaweza kuumia au injini ikazimika, na injini ikizimika mita kumi kutoka kwenye ukuta wa zege hakuna cha kushika. Anajua pia kwamba rafadha, yale mapanga yanayosukuma maji, huwa na nguvu pungufu ikirudi nyuma kuliko ikienda mbele, kwa hiyo ya nyuma huiongezea moto kidogo. Wasaidizi wake wamekwisha kuning'iniza matairi ubavuni na kamba ziko tayari mkononi. Hakuna anayepiga kelele. Chombo kinafika gatini kikiwa karibu kimesimama, na abiria wote wameketi.

Siku hizi boti za kifahari, kama zile zinazotia nanga Kilifi na Mtwapa, nyingi zina kifaa cha ziada kiitwacho thrasta. Ni rafadha ndogo iliyofungwa ndani ya bomba linalopita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, chini ya maji, karibu na omo. Boti nyingine huwa na ya pili kwenye tezi. Ukibonyeza swichi, omo husukumwa kushoto au kulia bila chombo kwenda mbele. Kwa wenye pesa ni kifaa kizuri, na nahodha stadi akikichanganya na injini mbili anaweza kukisogeza chombo kiubavuubavu mpaka gatini. Ila kina mipaka ambayo muuzaji huitaja kwa sauti ndogo. Hufanya kazi vizuri chombo kikiwa kimekaribia kusimama. Ukiwa na mwendo, nguvu yake hupotea. Cha umeme hupata joto haraka na hujizima kikitumiwa mfululizo, kwa hiyo hubonyezwa kwa vipindi vifupi tu. Upepo ukiwa mkali, upepo hushinda. Sina ugomvi na vifaa. Ugomvi wangu ni na yule anayemkabidhi kijana boti ya watalii, akamwonyesha swichi na kishikio, halafu akamwita nahodha. Kijana huyo amefundishwa mashine, hajafundishwa maji. Siku thrasta itakapokataa, hatakuwa na ujuzi mwingine wa kukimbilia.

Na katika Ghuba ya Winam, huko Ziwa Victoria, mashine kukataa si jambo la ajabu. Gugumaji likisukumwa na upepo hujaa kwenye magati ya Kisumu na Homa Bay, likafunika maji hadi ukadhani ni shamba. Mizizi yake hujisokota kwenye rafadha. Boti ya injini mbili ikinaswa rafadha moja, ile nyingine huendelea kusukuma, na chombo huanza kuzunguka chenyewe kuelekea upande uliokufa. Dawa yake ni kuitoa gia mara moja, kuwaambia watu wakae, na kusafisha rafadha injini ikiwa imezimwa kabisa. Anayeongeza moto ili aponyoke hukaza kitanzi.

Sisi Wakenya tusidhani hayo ni ya majirani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilizama karibu na nchi kavu ikiwa na zaidi ya watu 400 ilhali ilitengenezwa ichukue 300. Watu 272 walikufa, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wanakwenda kazini asubuhi. Safari yao ilikuwa fupi mno, ng'ambo unaiona kwa macho. Miaka 25 baadaye, Septemba 2019, gari lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye feri MV Harambee pale Likoni, mama na mwanawe mdogo wakiwa ndani, na ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Tangu hapo ndipo nchi nzima ilipoanza kuulizana kwa nini mlango wa feri usiinuliwe na kufungwa sawasawa. Ufupi wa safari haukumsaidia yeyote kati ya hao. Naamini hata uliwadhuru, kwa sababu mahali ambapo watu wanaona ng'ambo hakuna anayehesabu abiria wala anayeuliza jaketi la kuokolea liko wapi.

Hesabu ya abiria ndiyo kazi ya kwanza ya nahodha, kabla ya injini. Nahodha wa kweli husema hapana gatini, penye watu wanaomtukana, badala ya kusema samahani majini. Najua ni vigumu. Mwenye boti anataka pesa ya watu hamsini, abiria wanataka kufika kabla ya usiku, na kijana aliyeshika usukani ana deni la kodi ya nyumba. Ndiyo maana jukumu hili haliwezi kuachwa mikononi mwake peke yake. Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya ina wajibu wa kukagua vyombo na vyeti vya wanaoviendesha, si Mombasa tu, bali hadi kwenye magati madogo ya Baringo ambako boti za watalii huingia na kutoka kila siku. Na sisi abiria tuna la kufanya ambalo halihitaji askari wala sheria mpya.

Walimu wa Uasin Gishu mnaoandaa safari za muhula ujao, fanyeni hivi kabla ya mtoto yeyote kukanyaga boti. Ulizeni chombo kimepewa kibali cha watu wangapi, na mhesabu wenyewe. Ulizeni nahodha ana cheti gani, na kama ndiye atakayeendesha au kuna mwingine atakayeachiwa. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea na lifungwe vifungo vyote, si kuwekwa mapajani. Kisha waambieni watoto, kwa sauti ileile mnayotumia siku ya mtihani, kwamba boti ikikaribia gati hakuna kusimama, hakuna kukimbilia omo kupiga picha, hakuna kuchukua begi. Watakaa hadi chombo kifungwe kamba mbili, ya omo na ya tezi, na watashuka mmoja mmoja nahodha akiwaita. Akikataa nahodha kuyakubali masharti hayo, rudini kwenye basi.