Sindano Aliyoiacha Mwingine

Muuguzi amemaliza kumchoma mgonjwa, kitanda cha pili wanamwita, na boksi la njano la kutupia sindano limejaa pomoni. Anailaza sindano kwenye trei, katikati ya pamba zenye damu: nitarudi. Anayefika kabla yake ni dada wa usafi, mwenye glovu laini, anazikumbatia pamba zote kwa kiganja kimoja.

Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Kwa asiye na kinga, sindano iliyomchoma mgonjwa mwenye virusi vingi inaweza kuambukiza hadi watu 30 kati ya 100 wanaochomwa nayo. VVU ni kama 3 kati ya 1,000, lakini ndivyo vinavyotukosesha usingizi. Ini halina kelele. Aliyeambukizwa anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kujijua.

Kila sherehe ya wauguzi tunasifia moyo wa kujitolea. Sifa hizo hunitia shaka. Askari wa zimamoto anauona moto, kisha anaingia. Huyu dada amechomwa na uamuzi wa mtu aliyekwishaondoka. Hakuulizwa, hakuchagua, pengine hata jina la ugonjwa hajawahi kuambiwa. Amejitolea nini hapo? Sadaka haipokonywi. Tunamwita shujaa, na ushujaa, bahati nzuri kwetu, hauna bei.

Chanjo ina bei, na ipo tangu miaka ya 1980. Tanzania iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo haikuwakuta. Dozi ni tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Huo mwezi wa sita ndio kasheshe. Usafi hukabidhiwa kampuni, kampuni hutoa mikataba mifupi, na dozi ya mwisho humkuta mtu keshahama. Hospitali itasema si mtumishi wetu. Kampuni itasema sindano si zetu.

Mimi namdai mwenye sindano. Anayeingia wodini kushika taka zake achanjwe kabla hajakabidhiwa ndoo, na kadi ya chanjo ikae mfukoni mwake, si kwenye faili la kampuni, ili popote atakapohamia adai dozi iliyobaki.