Fleti Imeuzwa, Ardhi Imebaki

Watu wa Nakuru hawahitaji kufundishwa tofauti kati ya hisa na hati. Miaka ya 1970, mashamba ya walowezi yaliponunuliwa, wananchi walichangishana fedha kupitia kampuni za ununuzi wa ardhi kama Ngwataniro na Ndeffo. Hati ya shamba zima ilikuwa kwa jina la kampuni. Mwanachama alirudi nyumbani na cheti cha hisa. Miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliagiza kampuni za aina hiyo zigawe ardhi na zifungwe, lakini wako waliozeeka wakingoja hati. Ndiyo maana huniuma kuona wajukuu wao wakinunua fleti mjini na kupokea karatasi ya aina ile ile.

Kisa hiki ni cha mfano, ila sheria zilizomo ni za kweli. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na ploti upande wa Kiamunyi, yenye hati ya umiliki huru, ule usio na kikomo cha miaka. Akajenga ghorofa ya fleti 16. Kumi na mbili akaziuza kwa mikataba ya upangaji wa miaka 99, nne akajiwekea. Kila mnunuzi alipewa mkataba wake na hisa moja katika kampuni ya usimamizi, pamoja na ahadi: fleti ya mwisho ikiuzwa, ardhi yenyewe itahamishiwa kampuni hiyo, na wenye fleti wataimiliki kwa pamoja.

Fleti ya mwisho haikuuzwa. Na aiuze kwa nini? Maadamu nne zilibaki, hati mama, yaani ile ya ploti nzima, ilikuwa yake.

Kosa lake la kwanza lilikuwa mikataba yenyewe. Aliwaambia wanunuzi kwamba usajili una gharama na usumbufu, wasubiri kidogo. Nao, wakiwa na funguo mkononi, wakasubiri. Upangaji wa miaka 99 usiosajiliwa hauonekani kwenye sajili. Mtu yeyote aliyefanya sachi katika ofisi ya ardhi aliona ploti ya mtu mmoja, safi, haina mzigo. Benki iliona hivyo hivyo, ikamkopesha kwa dhamana ya ploti nzima.

Biashara ilipoanguka, notisi zilianza kuja. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa muda usiopungua miezi mitatu alipe, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Familia zilizokwisha kulipia nyumba zao shilingi kwa shilingi zilijua habari za mkopo siku mpigamnada alipokuja kuangalia jengo. Walikimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Nakuru, na mahakamani mtu huenda na wakili, na wakili hulipwa.

Naomba muuzaji anayesoma hapa atulie kidogo. Wengi hudhani kwamba muuzaji mwaminifu ni yule asiyeuza kitu kimoja mara mbili. Huyu hakuuza fleti yoyote mara mbili. Aliweka rehani ardhi iliyobeba nyumba za wenzake, na kwangu mimi huo ni uuzaji wa pili. Uingereza, mwenye ardhi anayetaka kuiuza huku juu yake kuna fleti za wapangaji wa muda mrefu, mara nyingi analazimika kuwapa wao nafasi ya kwanza ya kuinunua. Sheria hiyo ni ya 1987. Kenya imechagua njia nyingine, na naiona bora zaidi.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020, inampa kila mwenye fleti hati yake mwenyewe. Ngazi, paa, tangi la maji na maegesho huwa mali ya pamoja, chini ya shirika la wamiliki wote. Hati mama inafungwa, na muuzaji habaki na ardhi ya wenzake ya kupeleka benki. Mikataba ya zamani iliyosajiliwa ilipewa miaka miwili ibadilishwe kufuata mfumo huo. Mfanyabiashara wetu alikaa kimya, na wanunuzi wake, ambao mikataba yao haikuwa hata imesajiliwa, hawakuwa na cha kubadilisha.

Hata anayeuza fleti moja tu ana wajibu. Mkataba uwe wa maandishi, uliosainiwa mbele ya shahidi. Mke au mume akubali kwa maandishi ikiwa ni mali ya ndoa. Ada za kaunti zilipwe, na kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali, kodi yake pia, pamoja na ruhusa ya kuihamisha. Ushuru wa faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni mzigo wa muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ni wa mnunuzi. Na kama kuna mkopo wenye sharti la idhini, msajili hatahamisha kitu bila barua ya benki. Mnunuzi aambiwe haya kabla ya kutoa amana ya asilimia 10, asiyasikie baadaye.

Mfanyabiashara alifariki kabla kesi haijasikizwa. Watoto wake, ambao hawakuuza fleti hata moja, wamefungua mirathi. Katika orodha ya mali ya marehemu ploti imeandikwa nzima kama ilivyo kwenye sajili, na chini yake deni la benki. Wanunuzi 12 sasa wanaandika pingamizi, kila mmoja akiambatisha mkataba ambao haukusajiliwa na cheti cha hisa moja.