Panya Mgongoni mwa Ng'ombe

Wafanyabiashara wetu wa Butembo na Beni hufika hadi Guangzhou, Uchina, kuleta vitenge, masufuria, vipuri vya pikipiki. Hadithi hawaleti. Na hadithi haina uzito, haitozwi ushuru pale mpakani Kasindi!

Wachina husimulia hivi. Wanyama walishindana kuvuka mto. Panya, mdogo kuliko wote, akampanda ng'ombe mgongoni. Ng'ombe akaogelea, akaogelea, akaogelea. Walipokaribia ng'ambo, panya akaruka, puu! Wa kwanza. Ndiyo maana mzunguko wa miaka yao yenye majina ya wanyama huanza na mwaka wa panya.

Mtoto wetu atacheka. Ujanja huo ameshauona kwa sungura wa hadithi zetu.

Jioni, sombe ikichemka juu ya mbabula, msimulie. Kwa sauti. Yeye awe panya, wewe uwe ng'ombe, na umbebe kweli.