Mkono Mmoja Haulei Mwana

Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa ni wito wa ujirani: kwamba mama, hata awe hodari wa namna gani, hawezi kulea pasina nusura ya shangazi, bibi na jirani. Maana hiyo ni sahihi, lakini si yote. Kwani methali hii, ikizingatiwa vema, haimsifu tu yule anayesaidia, bali pia humdai yule ambaye mkono wake haupo.

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, hekima hiyo imeandikwa ardhini. Shamba la ngoro hutaka mikono ya wawili: mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba, kisha mwanamke huchimba katikati na kuyafunika kwa udongo, vikabaki vishimo vinavyoyazuia maji ya mvua yasiumomonyoe mlima. Mmoja akikosekana kazi haifi, ila mzigo wote humwelemea aliyebaki. Na huko chini ziwani, Liuli na Mbamba Bay, mume akiondoka mtumbwi hulala mchangani, ilhali watoto wangali wanataka kitoweo.

Basi Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, pembe ya nchi iliyo mbali mno na Ruvuma, akina baba walioitika wito wa Taifa waliacha nyuma yao nyumba za mkono mmoja. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na waliojaaliwa uhai wakarejea kwao. Hapo ndipo methali humgeukia askari. Kwa kuwa wanawe walilelewa na wengine alipokuwa vitani, amerejea akiwa mdeni, na deni hilo halilipwi kwa masimulizi ya risasi wala kwa nishani kifuani, bali kwa kuamka alfajiri akapalilia mibuni ili sare na madaftari yapatikane, kwa kumwonya kwa upole mwana aliyekosa, na kwa kuizuia ghadhabu aliyotoka nayo vitani isivuke kizingiti cha nyumba yake. Ushujaa wa vitani una amri, una wenzi na una mwisho. Ushujaa wa kulea hauna parapanda wala likizo.

Kwa hiyo, mzee aliyekuwa askari anapozikwa na wasifu wake ukasomwa mbele ya waombolezaji, ni insafu vita alivyopigana vitajwe, na Taifa nalo limeitenga 25 Julai kuwa Siku ya Mashujaa. Lakini wanawe na waitaje pia miaka aliyokaa nao, maana jeshini alikuwa mmoja katika maelfu, na pengo lake lingezibwa na mwingine. Bali nyumbani alikuwa mkono wa pili, ambao jirani aliweza kuushikia nafasi tu, asiweze kuwa ndio wenyewe. Nawe baba usomaye haya, usingoje vita vikufunze thamani ya kuwapo: walee wanao ungali nao.