Mafuta ya Maisha, Maisha ya Nani?

Jumamosi moja nililala chali chini ya gari langu, uani kwa nyumba tunayopanga hapa Mombasa, nikiyatazama mafuta meusi yakichuruzika kutoka kwenye giaboksi na kuingia karaini. Sikuteremka pale chini kutafuta swali la maadili. Niliteremka kwa sababu gari lilikuwa likishtuka kidogo kila lilipotoka gia ya pili kwenda ya tatu, na kwa sababu nilikuwa nimeshapata mteja.

Gari lenyewe ni la Kijerumani, la mwaka 2009, viti vya ngozi, giaboksi otomatiki ya gia 6 iliyoundwa na ZF. Lilishuka bandarini 2016 likiwa na miaka 7, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Mafuta ya giaboksi hayakuwa yamebadilishwa hata mara moja. Sijitetei, lakini kosa hilo nina wenzangu wengi. Kampuni kadhaa za magari ya kifahari zilitangaza kwamba mafuta hayo ni ya maisha, hayabadilishwi, hata kijiti cha kuyapimia hazikukiweka. ZF wenyewe, walioiunda giaboksi, wamekuwa wakishauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8.

Hebu piga hesabu. Mwenye gari wa kwanza analitumia miaka mitatu, minne, akichoka analiuza. Kwake yeye mafuta yale ni ya maisha kweli; hajasema uongo mtu. Gari likikaribia miaka 8 linapakiwa melini na kuletwa kwetu. Sisi wa mkono wa pili tunaanza kuishi na gari pale pale neno "maisha" linapoishia. Nilipoielewa hesabu hiyo nilikasirika sana, hasira ya mtu aliyeuziwa kitu na mtu asiyemjua, ambaye naye wala hakumfikiria. Shikilia hasira hiyo, tutairudia.

Kabla ya kujitia ufundi nilimuuliza fundi ninayemwamini. Akaniambia: "Usiiguse, bosi. Ule uchafu ndio unaoishikilia. Ukibadilisha leo, kesho haitembei. Iuze hivyo hivyo." Mafundi wengi wanasema hivi, na maneno yao yana punje ya ukweli. Giaboksi iliyokwisha haiponi kwa mafuta mapya. Watu huyabadilisha wakati imeshachoka, ikifa wanayalaumu mafuta. Lakini mimi sikutaka kuuza kitu kinachoshtuka. Nikanunua mafuta, nikanunua karai la chini la plastiki ambalo filta imo ndani yake, nikaazima stendi nne.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko nguvu. Gari linyanyuliwe magurudumu yote manne, likae sawasawa kama meza, la sivyo kipimo kitadanganya. Na kabla ya kufungua tundu la kumwagia, ufungue kwanza tundu la kujazia lililo ubavuni. Likikataa kufunguka na mafuta umeshayamwaga, basi umejiwekea gari bubu uani. Ukishajaza unawasha injini, unaongeza tena, unapitisha mkono kwenye gia zote, kisha unasoma joto kwa kile kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta ya gari. Yakiwa kama digrii 40, na yanayofurika tunduni yamebaki uzi mwembamba, unafunga. Hata hivyo hujayatoa yote. Mengi hubaki ndani ya konveta, kwa hivyo mapya yanachanganyika na ya kale utake usitake.

Nilipolishusha karai la zamani niliangalia sumaku zake. Ute wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, ni uzee tu. Lakini katikati ya ute ule palikuwa na vipande vyembamba vinavyong'aa, kama magamba ya dagaa. Hivyo si uzee. Hivyo ni chuma kinachomeguka mahali fulani ndani, mahali ambapo mimi na spana zangu za kuazima hatufiki.

Nikafunga, nikajaza, nikashuka nalo hadi daraja la Nyali na kurudi. Bana, lilikuwa laini kama siagi. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, husikii kitu. Nilifurahi mpaka nikafika nyumbani, nikazima injini, na ndipo nikaelewa nilichofanya. Asubuhi gari lilikuwa na ugonjwa na dalili. Sasa lilikuwa na ugonjwa bila dalili. Mteja angeliendesha nusu saa na kuridhika.

Mteja ni kijana wa mtaani kwetu. Anataka kubeba watalii kutoka stesheni ya treni ya Miritini kuwapeleka Diani, na pesa ni mkopo wa sacco. Giaboksi ikimfia barabarani mwezi wa tatu, sacco haitamuuliza kuhusu sumaku.

Swali hili ni kongwe. Cicero, katika kitabu cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mfanyabiashara aliyefika Rhodes na shehena ya nafaka wakati wa njaa, huku akijua meli nyingine za nafaka zimeshang'oa nanga Alexandria na ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Anawagonganisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamlazimisha kuzitaja, asidanganye, basi. Hakuna aliyemshika mnunuzi mkono kwa nguvu. Antipater anasema hapana, unachokijua nami nikijue. Cicero mwenyewe anaona kunyamaza tu ni jambo moja, na kuficha kwa faida yako lile ambalo mwenzako angetaka kulijua ni jambo jingine.

Huku kwetu pwani hatukuhitaji kumsubiri Cicero. Tangu madrasa tunakijua kisa cha Mtume aliyetia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona. Kilichonigusa safari hii ni kwamba muuzaji yule hakusema uongo. Mvua ilinyesha kweli. Kosa lilikuwa katika mpangilio: kikavu juu, kibichi chini. Nami pia mafuta niliyabadilisha kweli, kwa mikono yangu, kwa nia safi. Nilichokifanya bila kukusudia ni kuweka kikavu juu.

Kwa hivyo hata ngao ya Diogenes hainifai. Yeye anamtetea anayenyamaza na kasoro iache iongee yenyewe. Kasoro yangu ilikuwa inaongea, mimi ndiye niliyeinyamazisha. Ningeuza gari likiwa linashtuka, kama alivyotaka fundi, kijana angalisikia na angaliuliza. Inaudhi kukiri kwamba ushauri wa fundi, ambao niliudharau, ungeniacha mkweli zaidi kuliko bidii yangu. Si kwamba kutengeneza ni kubaya. Ila nilidhani kazi imekwisha nilipokaza bolti ya mwisho, kumbe ilibaki sehemu moja, nayo haifanywi kwa spana.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na ada ya shule utailipa kwa Cicero?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Nikamwambia tu kwamba mwenye gari wa kwanza naye lazima alikuwa na ada ya kulipa. Ile hasira niliyowaambia mwishikilie ilikuwa imenigeukia. Nilikuwa nimekaa mahali pale pale alipokaa yeye, nikitaka kumwita mwingine "maisha".

Kijana alipokuja nilimtolea chupa niliyokingia mafuta ya zamani na kitambaa chenye vile vipande. Akatia kidole, akanusa, akaviangalia vipande juani. "Sasa hii itakufa lini, kaka?"

Nikamwambia sijui. Inaweza kwenda miaka miwili, inaweza isifike Ramadhani.

Akashukuru, kwa adabu kabisa, na akaenda kununua Toyota kwa mtu mwingine. Kuna wahenga walionena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema anayeyatangaza hupata mteja.

Gari bado liko uani. Kesho kutwa anakuja mteja wa pili, mtu wa suti, amenipigia simu mara mbili na mara zote mbili amenisemesha kama mtumwa wake. Sijui kwa nini, lakini kwake yeye ulimi wangu ni mzito zaidi kuliko ulivyokuwa kwa kijana wa sacco. Nimeiweka ile chupa juu ya dashibodi, aione kabla sijapata nafasi ya kufikiri.